Lango Lililolia Badala ya Kufunguka

Nimeaibika leo, tena kwa mikono yangu mwenyewe, na nina hasira kiasi kwamba naandika haya nikiwa bado nimevaa kanzu ya harusi yenye kutu begani. (Kutu ya lango. Tutafika.)

Naandika mapema kabla hamjaziona picha. Picha zipo. Nilizisikia zikipigwa.

Kwa mlioingia karibuni kwenye kikundi hiki: mimi ni yule wa Tanga, niliyeacha shule kidato cha pili. Sikufukuzwa, nilichoka kukaa. Tangu hapo nimepita Dar, Blantyre, Beira, na sasa nipo Hillbrow, na kila nilipofika nimefungua kitu cha mtu kuona ndani kuna nini. Redio. Jenereta. Mashine ya kusaga, ambayo mwenyewe bado ananitafuta. Hapa Joburg nikaifungua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nilijifunza kwenye simu nikiwa lindoni, getini kwa watu wenye mabwawa ya kuogelea.

Jengo tunalokaa lina lango la chuma linaloelekea barabarani, la kushikwa na sumaku. Kisanduku chake cha zamani kilipoungua, Papa Kalala, Mkongomani anayelisimamia jengo, aliniuliza kama naweza kufanya chochote. Nikafanya. Kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, betri kubwa, na programu niliyoiandika mwenyewe. Ukiwa ndani unabonyeza kitufe, ukiwa nje unatuma neno "fungua" kwa simu. Lango linafunguka, linakaa wazi kidogo, linajifunga. Kazi nzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu leo hakuna atakayenisemea.

Programu hiyo haikukaa kwenye faili moja. Lango lilikuwa na faili yake, king'ora cha wezi kilikuwa na faili yake, taa za ngazi zilikuwa na yake, halafu faili kuu ikazikusanya zote tatu na kuzipa amri. Majina yote ya Kiswahili kitupu. Lango lilikuwa na fungua na funga. King'ora kilikuwa na lia na nyamaza. Taa zilikuwa na washa na zima. Mtu yeyote angesoma akaelewa.

Na hapo ndipo nilipoumia. Mtu alisoma akaelewa.

Mtu huyo ni Mbaraka, anauza simu na vifuniko vya simu pale kwenye robot ya kona, yaani taa za barabarani. Tulikuwa tunakunywa chai pamoja. Aliwahi kunitengenezea kibodi ya laptop, na nikamshukuru sana. Mwezi uliopita nikapita jengo la jirani, lango lao likafunguka kwa mlio uleule wa lango langu. Nikaomba nione. Ilikuwa programu yangu, neno kwa neno. Hata pale nilipojiandikia "hapa sijaelewa lakini inafanya kazi", palikuwa hivyohivyo. Alichoongeza ni kimoja tu: lango lao likifunguka, sauti inasema, "Karibuni. Kazi ya Mbaraka."

Sikumwambia kitu. Nilirudi nyumbani nikabadilisha neno la siri la kompyuta ya lango. (Likumbukeni neno hilo. Mimi sitalisahau.)

Halafu, katika kupekua kwangu mtandaoni, nikakutana na kidude cha kufupisha majina. Unakipa programu yako, kinapita faili baada ya faili, na kila jina refu kinaligeuza herufi moja. Waliokitengeneza wanasema programu inakuwa nyepesi. Mimi wepesi sikuutaka. Nilichotaka ni kwamba Mbaraka akiiba tena, aibe kitu asichoweza kukisoma. (Asiyeweza kukisoma, kama mtakavyoona, ni mimi.)

Sasa mtauliza: ni mpumbavu gani anabadilisha programu ya lango asubuhi ya harusi ya dada yake?

Nipo hapa.

Sababu yangu ilikuwa hii. Mbaraka alialikwa harusini na upande wa mume. Angeingia ndani ya jengo, na laptop yangu ingekuwa mezani ikipiga muziki. Sikutaka akute kitu cha kusoma. Basi saa za asubuhi, wanawake wakiwa wanakata vitunguu, nikakipa kidude faili zangu zote tatu pamoja na ile kuu. Kikaguguna, kikamaliza, na kikaandika majina mapya juu ya yale ya zamani, ndani ya faili zilezile. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nilijua sina. Nilisema moyoni nitaiweka baadaye.

Msidhani sikujaribu. Nilijaribu faili ya lango peke yake: lango likafunguka. Nikajaribu faili ya king'ora peke yake: kikalia vizuri, nikakinyamazisha haraka. Taa nazo zikawaka. Kila mmoja peke yake alikuwa mwema, kama ndugu kabla ya kugawana urithi. Kuwajaribu wakiwa pamoja sikuwajaribu, kwa sababu lango lilikuwa limeegemezwa tofali, masufuria yanaingizwa, na Shangazi Zuhura alikuwa amesema atakayeliondoa tofali lile ataipika pilau mwenyewe.

Vyombo vilipokwisha kuingia, tofali niliondoa mimi. Kwa fahari kabisa.

Niwaeleze kilichokuwa kinangojewa, ili mjue ukubwa wa balaa. Dada yangu ni mmoja tu, Mwanaidi. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii wake ni mimi. Bila mimi hakuna wa kumwozesha. Mwanamume ni Shabani, dereva wa malori, kijana mpole. Kesho alfajiri anapakia Midrand kwenda Lubumbashi, na kurudi kwake ni mwezi, pengine zaidi, kadiri watakavyoamua watu wa mpakani. Ndoa hii ilikwishaahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza lori lilikwama. Mara ya pili mimi nilikuwa Beira nikifuata habari za mashine fulani ya barafu, na simu haikushika. Kwa hiyo leo alfajiri Mwanaidi aliniita pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, ile sauti yake mbaya, "Kaka, ni leo. Ikipita leo usinitafutie mume tena, wala usinitafute mimi."

Na shehe alikwishasema mapema kwamba akituozeshea anaondoka, ana maziko Lenasia na maiti haingoji.

Basi. Adhuhuri imepita, nikasikia dufu zinakata kona. Upande wa mume huo, kanzu nyeupe mtaa mzima, wauza nyanya wa Hillbrow wanawapisha njia. Shabani katikati ameinamisha uso. Shehe pembeni yake, magari yao yanafuata polepole, la bwana harusi limepambwa maua. Na nyuma, kwenye kanzu nyeupe kuliko yangu, Mbaraka, na begi lake la laptop begani. (Harusini. Na laptop.)

Nikaiweka sawa kofia. Nikabonyeza kitufe.

King'ora.

Si kengele ya mlango, jamani. King'ora cha wezi, nilichokinunua mwenyewe kwa sababu kilikuwa na sauti kubwa kuliko vyote dukani. Kililia muda uleule ambao lango lingekaa wazi, halafu kikanyamaza chenyewe kwa adabu. Lango halikutikisika.

Juu, wanawake wakadhani nimeandaa shamrashamra. Vigelegele vikaporomoka kutoka ghorofa ya pili. Nje, wapiga dufu wakaona wameshindwa sauti, wakapandisha. Nikabonyeza tena. King'ora tena. Vigelegele tena. Dufu tena. Nikabonyeza mara ya tatu kwa sababu mimi ni mtu wa kujaribu.

Nikampigia Mwanaidi juu atume "fungua" kwa simu yake. Akatuma. Hapo hata king'ora hakikulia. Kimya kitupu, kwa sababu kidude kile kilifupisha majina ndani ya programu lakini neno "fungua" linalotoka kwenye simu hakikuligusa, kwa hiyo simu ilikuwa inaita jina la mtu aliyekwishahama.

Sasa mnaojua harusi zetu mnajua jambo moja. Bwana harusi hafunguliwi hivihivi. Wanawake wa upande wa mke hushika mlango, na asipotoa kifungua mlango haingii. Upande wa Shabani ni watu wa Tanga na Unguja, wanajua. Waliona lango limefungwa, walii amesimama ndani anabonyeza kitu na kutoa kelele. Wakaelewa wanachokijua. Baba mdogo wake Shabani akatabasamu, akaingiza mkono kwenye koti, akapitisha noti kati ya nondo.

Nikatikisa kichwa.

Akaongeza.

Nikamwambia siyo hivyo baba, lango limeharibika kweli. Akacheka mpaka akawageukia wenzake.

"Tunajua, mwanangu, tunajua. Malango yote huharibika siku ya harusi."

Wakaongeza. Nikaapa. Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kufurahi, wakisema walii huyu ni mgumu, bibi harusi lazima awe lulu. Shangazi Zuhura akashuka, kanga kiunoni, akaanza kuzipokea zile noti kwenye nondo na kuwaambia bado. Nikamvuta pembeni nikamweleza ukweli. Aliniangalia kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Limeharibika, sawa. Lakini usiwaambie. Unatuharibia bei."

Nikampigia Papa Kalala, maana ufunguo wa mkono anao yeye, na hata kisanduku cha betri, ambayo ikitolewa sumaku inaachia, kinafunguliwa na ufunguo huohuo. Betri hiyo niliiweka mimi, nikakichomelea kisanduku mimi, kusudi umeme ukikatika mwizi asiweze kulifungua lango. (Mwizi hawezi. Nimehakikisha.) Papa Kalala akaniambia yuko mtaa wa Alex kwa mashemeji zake. "Ufunguo iko na miye huku. Niko nakuya, lakini bado taxi ijae." Taxi, yaani daladala ya huku, tena ya Alex, siku ya Jumapili. Nikakata simu kabla sijamtukana mtu mzima.

Shehe akatazama saa. Akauliza kwa upole kama mchezo utaendelea sana. Hapo Shabani akanitazama usoni, na yeye peke yake akaelewa kwamba huu haukuwa mchezo. Sikuweza kumtazama tena.

Nikaiendea laptop, nikakaa kwenye ngazi, nikafungua faili zangu. Hapo ndipo damu iliponipanda.

Kile kidude, kila kilipoingia kwenye faili mpya, kilianza upya kutoka a. Katika faili ya lango, fungua ikawa a. Katika faili ya taa, washa ikawa a. Katika faili ya king'ora, lia ikawa a. Faili tatu, a tatu. Na faili kuu, kwa uvivu wangu, nilikuwa nimeiambia ilete kila kitu kutoka kila faili na kukimwaga mahali pamoja. Sasa ukimwaga a tatu mahali pamoja, anayebaki ni aliyeingia mwisho. Aliyeingia mwisho alikuwa king'ora. Kwa hiyo kila nilipolibembeleza lango lifunguke, aliyeitika alikuwa yeye. Na lango lilipopaswa kujifunga, b akaitika, naye akawa yule wa kunyamaza. Ndiyo maana kilikuwa na adabu.

Kinachonichoma ni kwamba haikulalamika. Programu ingekufa, ingepiga kelele ya kosa, ningejua. Haikufa. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa, kazi ambayo siyo.

Nikapindua mistari ili lango liingie mwisho. Programu ikakataa kuwaka kabisa, maana sasa hata kazi ya taa ilikuwa inapelekwa langoni. Nikarudisha. Nikasoma tena: a, b, c, a, b, d, a. Kazi yangu ya miezi, na sikujua ipi ni ipi. Nyuma yangu harufu ya pilau, mbele yangu dufu.

Mbaraka akasogea kwenye nondo. Akasema taratibu, bila kunicheka, kwamba yeye ile programu anayo. Ya zamani. Yenye majina.

Nikamwambia afadhali nioze humu ndani.

Shehe ndiye aliyetafuta njia. Akauliza kama tunasikiana. Tunasikiana. Tunaonana? Tunaonana. Basi akasema ndoa ni walii, mume, mashahidi na maneno, na nondo hazikatai maneno. Nitoe mkono wa kulia nje, Shabani aushike, tuozeshe hapohapo. Watu wakaipenda. Nikapitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikabana bega kwenye chuma, Shabani akanishika. Shehe akaanza, nikafuatisha, nikafika kwenye "Nimekuozesha dada yangu..."

King'ora.

Kitufe kiko pembeni ya lango, usawa wa bega. Bega langu. Na kitufe nilikiweka pale mwenyewe.

Shabani akaruka. Mimi nikauvuta mkono kwa hofu, saa ya mkononi ikanasa kwenye maua ya chuma, na nilivyozidi kuvuta ndivyo ilivyozidi kung'ang'ania. Kofia ikaanguka upande wa nje. Simu zikainuka. Hizo ndizo picha.

"Mimi sikatai nondo," shehe akasema kilipokwisha kulia. "Nakataa king'ora. Mtaniwia radhi, kuna maiti inaningoja."

Akageuka kuitafuta gari yake. Na hapo dirisha la ghorofa ya pili likafunguka. Sikuweza kuinua kichwa vizuri, lakini sauti niliijua. Hakupiga kelele.

"Kaka. Muombe."

Nikamuomba. Mbele ya upande wa mume wote, mbele ya wauza nyanya, mkono ukiwa umenasa, nikasema, "Mbaraka, ndugu yangu, nakuomba." Shehe akasimama, mguu mmoja ndani ya gari.

Mbaraka akaiweka laptop juu ya boneti ya gari la bwana harusi, juu ya maua, akajiunga na mtandao wa jengo. Akauliza neno la siri.

Nikasema nitaliandika mwenyewe. Mkono umenasa, na laptop haipiti kwenye nondo. Nikamwambia basi asogee nimnong'oneze. Akasogea, akasema hasikii kwa dufu.

Wapiga dufu wakanyamaza. Siku nzima hawakunyamaza, wakanyamaza hapo.

"Mbarakamwizi," nikasema.

Mbaraka akarudi kwenye boneti.

"Herufi ndogo zote?" akauliza.

"Ndogo zote."

Akaandika. Nikamsikia baba mdogo akiwarudia walio nyuma waliokosa kusikia. Mbaraka hakunitazama. Akahamisha faili zake, yaani zangu, akawasha programu upya, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza kwa bega.

Taa za ngazi zikawaka. Sumaku ikaachia. Lango likafunguka kwenda nje, na mimi nikaenda nalo, kwa sababu mkono ulikuwa bado umo, nikitembea upandeupande mpaka barabarani huku sauti nzito ikisema juu ya kichwa changu, "Karibuni. Kazi ya Mbaraka."

Vigelegele.

Shangazi Zuhura akataka nipakwe mafuta nitolewe kwanza. Shehe akasema hakuna muda, mkono wenyewe uko wazi na ni wa kulia. Mbaraka akaliwekea lango tofali lisijifunge. Shabani akazunguka upande wa pili, akaushika mkono wangu pale ulipokuwa. Na hivyo ndivyo nilivyomwozesha dada yangu wa pekee, kichwa wazi, nimefungwa langoni kama mbuzi, na Mbaraka mmoja wa mashahidi wawili, maana shehe alimnyooshea kidole yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Shehe akaenda kuwahi maziko. Papa Kalala akatokea na ufunguo wake watu wakiwa wanapanda ngazi kula.

Shabani alipofika juu, mlango wa chumba cha bibi harusi ulikuwa umefungwa. Shangazi Zuhura akamtaka kifungua mlango. Akasema ametoa chini. Shangazi akamwambia kile kilikuwa cha lango, hiki ni cha mlango, na mwenye kosa la lango yuko hapa nyuma yako. Nikatoa mimi. Mwanaidi aliponipita alinivisha kofia yangu iliyookotwa nje, akaivuta mpaka machoni.

Sasa wanakula. Mimi nimekaa kwenye ngazi nawaandikia, mkono unanuka mafuta ya pilau niliyopakwa nikatoka langoni. Kila anayeingia au kutoka, jengo nililolitengenezea lango mimi linamkaribisha kwa jina la Mbaraka. Siwezi kulifuta. Kuligusa naogopa, maana nikiiharibu hii ya langoni, nakala pekee ya kuirudisha iko kwa aliyeniibia.

Picha mkizipata, msizisambaze, na nawaomba kwa heshima msicheke. Na wewe Mbaraka, najua umo kwenye kikundi hiki na unasoma: usiifute.